Dokta Severin Mashauri na Askari wa Unyanyembe

Baba Paroko, shemeji yetu Dafrosa, watoto, ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Huddinge: anayewasomea ni Dominic, mdogo wa marehemu. Wasifu huu tuliuandika nyumbani kwake Vårby gård, na tulibishana sana juu ya neno moja. Wengine wetu tulisema neno wivu halifai kutamkwa kaburini. Mjane alituacha tuseme mpaka tukachoka, kisha akasema, "Msipolitaja, watu watafikiri mmezika mtu mwingine." Basi limetajwa.

Marehemu Severin Mashauri alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika hospitali ya misheni ya Ndala, mkoani Tabora, mtoto wa kwanza wa Mzee Cosmas Mashauri na Mama Veronika. Kwa miaka mitatu mgongo wa mama ulikuwa wake peke yake. Mdogo wake alipozaliwa, marehemu alikunja shuka lake, akaenda nyumba ya pili kwa Shangazi Kalunde, dada wa baba, akamwarifu kwamba amehama, na kwamba aitwe siku yule mtoto mpya atakapoondoka. Shangazi hakumcheka. Alimtandikia. Alikaa huko hadi mama alipomfuata mwenyewe. Tangu hapo marehemu aliweka moyoni kwamba mama amegawanywa, lakini Shangazi ni wake, hana mwenzake. Aliliamini jambo hilo kwa miaka sitini.

Alisoma shule ya msingi hapo Ndala, kisha Sekondari ya Tabora, na mwaka 1975 akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea historia. Walimu wake walimkumbuka kwa bidii na kwa tabia ya kuuliza nani amepata alama ya juu kabla ya kuuliza yeye kapata ngapi. Akiwa huko ndipo alipoanza kushughulika na jambo lililomshika maisha yake yote, nalo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Unyanyembe, huko kwetu Tabora, katika miaka ya 1860. Kwa ajili ya vijana wetu waliozaliwa huku, tueleze kwa kifupi. Watu wawili wa ukoo mmoja wa kitemi waligombea kiti kimoja. Mnywa Sele alikuwa amekalia kiti. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora wakakosana naye juu ya ushuru, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa. Aliyeondolewa akaingia porini na askari wake, na nchi ikakosa usingizi kwa miaka kadhaa, hadi alipokamatwa na kuuawa. Vitabu vingi vimeandika juu ya watemi hao na juu ya wafanyabiashara. Marehemu alitaka kujua habari za askari, wale vijana walioitwa rugaruga. Ni akina nani? Walipigania nini? Kwa nini walikaa porini na mtu aliyekwisha kushindwa?

Swali hilo lilikuwa na mlango nyumbani. Katika ukoo wetu ilisimuliwa kwamba baba wa babu yetu, Ngassa, alikuwa askari wa Mnywa Sele, na kwamba hakumwacha mtemi wake mpaka mwisho. Tulilelewa na habari za Ngassa kama watoto wengine wanavyolelewa na habari za sungura na fisi. Marehemu akaifanya habari hiyo kuwa elimu.

Januari 1983 alikuja Stockholm kwa ufadhili wa masomo ya juu. Alizoea kusema kwamba baridi haikumshangaza, maana alikuwa ameonywa. Kilichomshangaza ni maktaba kuwa na joto na kuwa tupu. Mwaka 1990 alitunukiwa shahada ya uzamivu kwa tasnifu juu ya nafasi ya askari katika vita vile. Hoja yake ilikuwa kwamba uaminifu wa askari kwa mtemi wao ndio uliorefusha vita, na mfano wake mkubwa, katika sura ya nne, ulikuwa Ngassa. Tasnifu hiyo ilisomwa na kunukuliwa. Alikuwa akifungua vitabu vya wenzake kuanzia nyuma, kwenye orodha ya marejeo, na kama jina lake halikuwamo, kitabu kilirudi rafuni hivyo hivyo.

Alikuwa amekwisha kukutana na Dafrosa, binti wa Bukoba aliyekuja kusomea uuguzi, katika kwaya ya Watanzania iliyokuwa ikifanya mazoezi kila Jumamosi. Marehemu hakuwa na sauti, na mwalimu wa kwaya alimwambia hivyo kwa upole. Lakini upande wa sauti ya pili kulikuwa na kijana mmoja mrefu aliyemshikia Dafrosa karatasi ya nyimbo wakiimba. Marehemu aliomba asimame katikati yao. Alisimama hapo miezi minane akifungua mdomo bila kutoa sauti, na karatasi akaishika yeye. Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1986. Kijana yule mrefu aliimba kwenye misa ya harusi, vizuri sana, na bwana harusi hakumpigia makofi. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Natalie mwaka 1988 na Tiana mwaka 1992.

Shemeji naye alikuwa na yake. Mume wake alikuwa akila huku akisoma, na akipelekwa matembezi ziwani Mälaren alizungumza juu ya namna baruti inavyoharibika kwa unyevu. Siku moja mbele ya wageni Shemeji alisema, "Wenzangu wameletewa wake wenza mmoja mmoja. Mimi nimeletewa jeshi zima." Wageni walicheka. Yeye hakucheka sana.

Marehemu alifundisha historia katika shule za sekondari za Huddinge tangu 1991, na kuanzia 1998 hadi alipostaafu mwaka 2020 alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu huko Flemingsberg. Wanafunzi wake wengi wapo hapa. Alikuwa mwalimu mkali, mwenye haki, aliyejiandaa kila siku kana kwamba ndiyo siku ya kwanza. Mwaka 2008 aliingia darasani kwake kijana Mkongomani kutoka Uvira aitwaye Aristide, aliyefika Sweden akiwa mkimbizi. Kwenye somo la kwanza Aristide aliuliza, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswidi chake kilikuwa bado kichanga, "Mwalimu, hao askari walikuwa wanakula wapi?" Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia mke wake, "Nimepata mtu." Kisha, akivua viatu, akaongeza, "Swali hilo nilipaswa kuliuliza mimi."

Alimlea Aristide kitaaluma. Alimsomesha Kiswidi cha vitabuni, akamsahihishia kazi zake neno kwa neno, akamkalisha kwenye meza ya kule Vårby gård Jumapili nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Mwaka 2012 Aristide alipokubaliwa kwa masomo ya uzamivu, marehemu akawa mmoja wa wasimamizi wake. Lakini sisi tuliokuwa jirani naye tuliona. Aristide akisifiwa kwenye mkutano, marehemu alisafisha miwani. Natalie akimtaja Aristide kwa upendo, marehemu aliuliza kama kuna chai. Tiana alimwambia wazi, kwa Kiswidi kama alivyozoea, kwamba baba anamwonea wivu mwanafunzi wake mwenyewe. Marehemu alijibu kwa Kiswahili, "Mwalimu haoni wivu. Mwalimu anaona makosa."

Julai 2014 Aristide alisafiri kwenda Tabora kukusanya masimulizi. Marehemu mwenyewe alimpigia simu Shangazi Kalunde, wakati huo akiwa na umri wa miaka themanini na sita, ampatie mgeni mahali pa kulala na amsimulie juu ya Ngassa. Aliyafanya hayo kwa moyo mweupe. Alijua kila kitakachosemwa. Alikuwa amekwisha kukiandika.

Aristide alirudi Septemba. Alikuja Vårby gård Jumapili baada ya misa, na mimi, mdogo wa marehemu, nilikuwepo. Hakutaka kula. Aliweka simu mezani akasema, "Mwalimu, mbele niandike hata neno moja, inafaa wewe usikie kwanza. Hii ni mambo ya nyumba yenu."

Tukasikia sauti ya Shangazi. Tutaieleza kwa kifupi, maana ndivyo marehemu alivyoagiza: ielezwe, isifichwe. Shangazi alisema kwamba bibi yake, Nyamizi, ambaye sisi tulimjua kwa jina tu kuwa ni Bibi wa Ukimbu, nchi ya jirani, aliyeolewa kwa mahari kubwa, hakuolewa. Alichukuliwa. Shangazi akiwa mtoto alilala naye kitanda kimoja, na bibi huyo alimsimulia gizani. Ngassa na wenzake walifika kijijini kwao alfajiri, wakachoma nyumba, na Ngassa akamfunga binti huyo mkono kwa mkono wake mwenyewe, wakatembea hivyo hadi kambini. Alikuwa hajavunja ungo. Baadaye porini baruti iliwaishia na nguo zikawaishia, na Ngassa akamwacha Mnywa Sele akiwa bado hai, akaenda kujitoa kwa upande wa Mkasiwa pamoja na wenzake wengi. "Bibi alikuwa akisema," ilisema sauti ya Shangazi, "siku ile ndipo nilipoanza kumtazama usoni, kwa sababu siku ile tulikula."

Marehemu alisema, "Zima."

Aristide akazima.

"Shangazi yangu alikwambia wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulimuuliza nini?"

"Sikumuuliza juu ya vita. Nilimuuliza juu ya mama yake, na mama wa baba yake. Njo akaanza kusema."

Sote tulifikiri ameumia kwa ajili ya Ngassa, na sura ya nne, na jina la nyumba. Kumbe hayo yalikuja baadaye. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mimi nimekaa naye tangu nina miaka mitatu."

Kisha akamwambia Aristide kwamba masimulizi hayo ni mali ya ukoo na hayataandikwa bila ruhusa ya ukoo. Aristide alisema, "Sawa, Mwalimu. Bila ruhusa yako siandike." Alichukua koti lake. Shemeji alimfungia chakula, akakipokea kwa mikono miwili, akaondoka.

Aristide alitimiza neno lake, na neno hilo lilimgharimu. Bila masimulizi yale tasnifu yake ilikuwa na shimo katikati. Alisimama mwaka mzima, ukaingia wa pili. Alifanya kazi kwenye ghala huko Upplands Väsby ili aishi, na mdogo wa marehemu alikuwa akimwona kituoni asubuhi na sanduku la chakula. Hakuwahi kulalamika wala kumsema mwalimu wake vibaya. Wakati huo huo, kule Vårby gård, marehemu alikuwa akiandika makala. Alitaka kuitoa habari ya Nyamizi yeye, kwa jina lake, kama mtu wa nyumba. Shemeji alipogundua, alisimama mlangoni mwa chumba cha vitabu.

"Baba Natalie, hiyo umeisikia wapi?"

"Kwa shangazi yangu."

"Umeisikia kwenye simu ya Aristide."

Tangu hapo makala haikusonga mbele, na Juni 2016 alikata tiketi ya kwenda Tabora, akaniomba mimi, mdogo wake, nifuatane naye. Nia yake ilikuwa wazi, naye hakuificha: Shangazi amsimulie yeye, kwa kinywa chake, ili yawe yake.

Tulimkuta Shangazi Kalunde amekaa barazani kwa mwanawe, mkekani, miguu imevimba, macho mazima. Alitupokea, akatulisha wali na mboga ya mlenda, akauliza hali ya Dafrosa na ya watoto. Marehemu alisubiri vyombo viondolewe.

"Shangazi, nimekuja unisimulie habari za Bibi Nyamizi."

"Nimekwisha kuzisema."

"Ulimwambia nani? Ulimwambia mgeni."

"Ndiyo. Nimekwisha kuzisema. Sitazisema mara mbili, Severin. Zinachosha."

"Miaka yote nimekuja hapa na kinasa sauti, hukuniambia."

Shangazi alitabasamu kidogo. "Mwanangu, kila ukija wewe ndiye unayenisimulia habari za Ngassa. Nami nasikiliza. Unasimulia vizuri."

Marehemu aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo mdogo wake hakuwa ameisikia tangu utotoni, "Na yeye ana nini ambacho mimi sina?"

Shangazi hakuharakisha. Alisema, "Nilimuuliza kama mama yake yu hai. Akaniambia hajui. Askari walikuja kwao akiwa mdogo, wakamchukua mama yake, wakaenda naye msituni, na mpaka leo hajui kama anapika jikoni kwa mtu au amelala ardhini. Nikaona huyu simwelezi kitu kigeni. Ninyi watoto wangu, ningewaambia, mngeona haya. Yeye hakuona haya. Alilia, nami nikalia, tukaendelea."

Tulilala pale siku chache zaidi, na marehemu alimkata Shangazi kucha za miguu na kumsomea magazeti, wala hakumuuliza tena. Tukiwa kwenye basi kurudi Dodoma, baada ya Nzega, aliniambia maneno ambayo aliniruhusu niyasome leo. Alisema, "Dominic, nimemwonea mtu wivu kwa ajili ya msiba wake. Shangazi alipokuwa akisema, nilikuwa nawaza: laiti ningekuwa na kitu kama hicho cha kumwambia." Alitazama nje. "Na bado nawaza."

Ndugu, marehemu hakurudi Stockholm ameponywa. Alirudi anaujua ugonjwa wake. Jumatatu iliyofuata alipanda treni kwenda Upplands Väsby, akamngojea Aristide kwenye lango la ghala wakati wa kubadilishana zamu. Aristide mwenyewe yupo hapa na amekubali tuseme walivyosemezana.

Marehemu alimwambia, "Andika."

Aristide alisema, "Mwalimu, nitaficha majina. Nitaandika tu askari mmoja, mwanamke mmoja."

"Hapana. Andika Ngassa. Andika Nyamizi. Mimi nilimwandika Ngassa kwa jina alipokuwa shujaa. Huwezi kumwita askari mmoja sasa."

"Na tasnifu yako, Mwalimu?"

"Utaipinga. Kurasa za kupinga nitakuonyesha mwenyewe, usije ukapinga zisizostahili."

Wakafanya kazi tena kwenye meza ile ile. Haikuwa rahisi. Zipo Jumapili ambazo marehemu alijifungia chumbani Aristide akifika, akatoka chai ikishapoa. Iko siku alisahihisha ukurasa mzima, akaukuta hauna kosa, akaurudisha kwa hasira. Kuna mara Natalie alimkuta amesimama nyuma ya Aristide, anasoma juu ya bega lake, midomo ikitembea, na aliposikia hatua za binti yake akajifanya anatafuta kamusi. Hata hivyo kazi haikukwama tena kwa sababu yake.

Hoja ya Aristide, kwa maneno mepesi, ni kwamba askari wale hawakuwa mikono tu ya watemi. Walikuwa vijana wasio na mashamba, wasio na mahari, waliopata kula na kuoa kwa njia ya bunduki. Walipokosa kwa huyu walihamia kwa yule. Na vita vilidumu kwa sababu wao hawakuwa na mahali pa kurudi. Wanawake kama Nyamizi hawakuwa kando ya vita hivyo. Ndio waliokuwa ujira.

Desturi ya vyuo vya Sweden ni kwamba tasnifu ikishachapwa hugongomelewa kwa msumari ukutani, kila mpita njia aione, kabla ya siku ya kuitetea. Aprili 2018 Aristide alimwomba mwalimu wake ashike kitabu ukutani wakati yeye anapiga nyundo. Marehemu alimwambia, "Ukinigonga kidole nitajua umekusudia." Hakumgonga. Picha ya siku hiyo imewekwa kwenye ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyoishika, na mtaona kwamba Aristide anacheka na marehemu hacheki, lakini kitabu amekishika sawasawa, hakikupinda.

Siku ya utetezi, mwezi Mei, ukumbi ulijaa, na wengi wenu mlikuwepo. Huku kwetu Sweden yeyote aliyemo ukumbini ana ruhusa ya kuuliza mwishoni. Aliponyanyuka Dokta Mashauri, watu waligeuka kumtazama, kwa sababu habari za miaka ile miwili zilikuwa zimeenea. Alisimama kwa muda akifunga vifungo vya koti. Kisha akasema, kwa Kiswidi chake kilichonyooka:

"Umeonyesha kwamba askari wengi walihama baruti na nguo zilipokwisha. Umeonyesha hivyo, na mimi niliandika kinyume chake, na nilikosea. Lakini mtemi yule alipokamatwa kulikuwa na watu bado pamoja naye. Hao walikuwa hawajala kama wenzao. Kwa nini hawakuhama?"

Aristide alitazama karatasi zake. Akaziacha. Akasema, "Sijui, Mwalimu."

"Asante," alisema marehemu, akaketi.

Aristide alifaulu bila kipingamizi. Kwenye karamu marehemu hakugusa keki, na alipoulizwa alisema ana sukari, jambo ambalo halikuwa kweli. Lakini Shemeji anasimulia kwamba usiku huo alilala mapema akiwa mchangamfu, na kabla ya kuzima taa alimwambia, "Mama Natalie, umeona? Hajui." Kwa miaka iliyomsalia alilifanyia kazi swali hilo moja, juu ya wale waliobaki. Shangazi Kalunde alifariki mwaka 2019, na marehemu alikwenda kumzika. Alirudi na udongo kidogo kwenye kitambaa, na hakutaka kuugawa kwa mtu.

Oktoba 2023 alianza kupungua uzito na kulalamika maumivu ya tumbo. Madaktari wa Flemingsberg, katika hospitali ambamo Shemeji alifanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini, waligundua saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa dawa nzito, akapata nafuu majira ya joto ya 2024 kiasi cha kwenda na wajukuu kuogelea, kisha ikamrudia. Wauguzi walimpenda, ingawa walijua kwamba mgonjwa wa kitanda cha jirani akitembelewa na watu wengi kuliko yeye, chakula hakitaliwa.

Aristide, ambaye sasa ni mhadhiri katika chumba kile kile cha ofisi alichokitumia marehemu, alifika kila Alhamisi. Siku moja mwezi Januari marehemu alimuuliza, "Meza umeihamisha?"

"Nimeipeleka kwenye dirisha, Mwalimu."

"Wanafunzi wanasemaje?"

"Wanapenda."

Marehemu alifumba macho. "Miaka ishirini na miwili nimeupa mwanga mgongo," alisema. Halafu akamwagiza Aristide afungue begi lililo chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kazi yake yote juu ya askari waliobaki na Mnywa Sele. Aristide alisema asubiri apone aimalize. Marehemu alimjibu, "Usinifanye mtoto. Imalize wewe. Nimejaribu kumfikiria mtu mwingine wa kumpa, nimejaribu kweli, hayupo." Kisha akaongeza, "Angekuwepo mwingine ningempa."

Aristide alisema, "Najua, Mwalimu." Akalifunga begi, akalipakata, akakaa nalo hivyo hadi muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Marehemu alipokea Sakramenti ya Wagonjwa tarehe 30 Januari 2025. Jumapili tarehe 2 Februari, alasiri, akiwa na mke wake na mabinti wote wawili, na mdogo wake akiwa kwenye ngazi za hospitali anapanda, Bwana alimwita. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Ndugu wa Tabora waliomba azikwe Ndala. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusema azikwe hapa, mahali ambapo mke wake ataweza kuja kwa miguu, na ambapo hatamwacha peke yake kwa muda mrefu na ile kwaya.

Siku chache kabla ya kufariki, tukipanga nini kitaandikwa, nilimuuliza marehemu tumweke wapi Aristide, kwa wanafunzi au kwa wafanyakazi wenzake. Alifikiri. Alisema, "Mweke kwa wafiwa." Nikaandika. Nilipofika mlangoni aliniita tena. "Dominic. Awe wa mwisho. Asiwatangulie wanangu."

Marehemu ameacha mjane, Dafrosa, mabinti wawili, Natalie na Tiana, wajukuu watatu, mdogo wake Dominic na dada zake wawili walioko Ndala, uzao wote wa Ngassa na Nyamizi, na Aristide.

Ee Bwana, mpokee Severin wako, umpe pumziko na amani, na umkalishe karibu. Apumzike asiwe na wa kumtazama pembeni.